Kumi na Tisa Nukta Nne

Siku mliyoniaga, mkuu wenu alisimama akasema Madam Eliza amekuwa mwalimu mvumilivu. Mkapiga makofi. Nikatabasamu, kwa sababu sahani ya pilau ilikuwa mapajani na si adabu kubishana na mtu anayekulisha. Lakini nilirudi nyumbani neno lile likiwa limenikaa kooni, na bado halijashuka. Sikuwa mvumilivu. Nilikuwa na hasira miaka yote niliyofundisha kemia na fizikia mkoani Rukwa, na ninyi vijana mnaobaki kwenye idara ya sayansi mna haki ya kujua ilitoka wapi. Habari za vyeo ziko kwenye faili langu. Anayezitaka akasome huko.

Nilitoka Mbeya nikapangiwa shule ya sekondari pembezoni mwa mji wa Sumbawanga. Shule yenyewe sitaitaja, maana waliokuwepo wakati ule wengi wameshaondoka, na waliopo sasa hawana kosa. Nilipanga chumba mtaa wa Izia, kwa mama mmoja aliyelima mahindi hadi chini ya dirisha langu. Mbeya nako kuna baridi, ila baridi ya Mbeya hutulia mahali pamoja. Ya Ufipa, huku Sumbawanga, inatembea. Asubuhi ya kwanza upepo ulinipeleka shuleni karibu nikimbie.

Kidato cha kwanza walisimama wote kunisalimia. Nikawauliza maada ni nini. Darasa zima likaimba jibu kwa Kiingereza kilichonyooka, hawakukosea hata neno moja, wakamalizia pamoja kama kwaya ya kanisani. Nikafurahi sana. Nikawaambia, haya, nitajieni maada moja iliyomo humu darasani. Kimya. Nikadhani hawajanielewa, nikauliza tena kwa Kiswahili. Walitazama dari, walitazama madaftari yao. Mwishowe binti mmoja wa dawati la nyuma akanyoosha kidole.

"Madam, hilo hatujaandikiwa."

Nikashika dawati lake nikalitikisa. "Hili ni nini?"

"Dawati, madam."

"Lina uzito?"

"Linao."

"Limechukua nafasi?"

Akatafakari, kisha akacheka peke yake. Ndipo wengine nao wakacheka. Tulimaliza kipindi tukihesabu maada: chaki, sweta, upepo, mate. Baada ya kipindi niliitwa ofisini kuonywa kwamba nimefundisha kwa Kiswahili na kwamba darasa langu lina kelele. Hiyo ndiyo siku yangu ya kwanza kazini. Watoto wale walijua kwa Kifipa na kwa Kiswahili kwa nini pombe ya ulezi hutoa povu, na kwa nini sufuria la aluminiamu huchemka haraka kuliko chungu, lakini shuleni walifundishwa kwamba wanachokijua si elimu mpaka kiandikwe ubaoni kwa lugha ambayo hawajaimudu. Jambo hili linanikera leo kama lilivyonikera siku ile.

Aliyenifundisha kazi hakuwa mwalimu. Ni Mzee Kalisto, mhudumu wa maabara, Mfipa aliyeishia darasa la saba. Kwenye orodha ya watumishi alikuwa safu moja na wafagiaji, na vikao vya idara hakuitwa hata kimoja. Chuo kilinipa cheti. Yeye alinifundisha kukata bureti, ile neli ndefu ya kioo yenye mistari ya kupimia na koki chini, ikiwa imepasuka mdomo: unaizungushia uzi uliolowekwa spiriti, unauwasha, na moto ukikaribia kuzima unatumbukiza kioo kwenye maji baridi, kinakatika pale pale kwenye uzi kama umekichora. Koki ya bureti ikivuja, paka mafuta ya mgando kidogo, kidogo kweli, usije ukaziba tundu. Kioo kikishavunjwa, usimgombeze mwanafunzi mbele ya wenzake, maana siku ya pili hakuna atakayegusa kitu. Na usisome bureti ukiwa umesimama. Piga goti, jicho liwe sawa na maji.

"Wakubwa hawapendi kupiga magoti," aliniambia, "ndiyo maana wanasoma vibaya."

Mwaka mmoja tulikipeleka kidato cha tatu kwenda kuona tanuru la zamani la kuyeyushia chuma, yale marefu ya udongo ambayo Wafipa huyaita malungu. Babu yake Mzee Kalisto alikuwa mfua chuma. Mzee alisimama pale akaeleza udongo mwekundu uliingilia wapi, mkaa uliingilia wapi na hewa ilipita wapi, na nilichofanya mimi ni kuandika milinganyo kwenye kipande cha bati. Sijawahi kufundisha somo likaeleweka kuliko lile. Mkaguzi alipokuja akaandika kwamba ziara haikuwa kwenye muhtasari wa somo. Nikamwonyesha ukurasa wenye mada ya kupata chuma kutoka kwenye udongo wake. Akasema mada ipo, ziara haipo. Nilijifungia stoo nikapiga teke ndoo ya mchanga wa kuzimia moto. Ndoo haikuwa na kosa.

Sasa niwaambie habari ya Leokadia.

Alitoka kijiji kimoja huko Mwimbi, mtoto wa wakulima. Mjini alipanga chumba na wenzake wawili, na baba yake alimletea unga kwa baiskeli kila alipoweza. Alikuwa mfupi, mkimya, na Kiingereza chake kilikuwa kibovu kiasi kwamba walimu wengine walimchukulia kuwa hana akili. Mimi nilimgundua siku alipokataa kufuta mchoro. Nilichora sakiti ubaoni nikakosea swichi, yeye akaichora ilivyopaswa kuwa. Nikapita nikamwambia arekebishe ifanane na ya ubaoni. Akasema, "Samahani madam, ya ubaoni taa haiwaki." Na kweli, isingewaka.

Shule yetu ilikuwa na utaratibu ambao nadhani mnaujua, kwa sababu haukufa. Mwishoni mwa kidato cha pili, wanafunzi waligawanywa. Wachache waliendelea na fizikia na kemia, wengi waliambiwa waziache. Sababu iliyotajwa kwenye kikao ni kwamba sayansi inashusha wastani wa shule. Wasichana ndio waliopunguzwa kwanza. Orodha ilitengenezwa na mtaaluma wetu, yaani msimamizi wa masomo, Mwalimu Gervas, na sisi walimu wa masomo tuliweka sahihi. Nami nimeweka sahihi. Miaka minne mfululizo nimeweka sahihi kwenye orodha za watoto walionyang'anywa somo ambalo hawakuwahi hata kulishika mkononi. Nasema hivi ili msidhani hasira yangu inawahusu wengine tu.

Mwaka wa Leokadia, mtaaluma aliamua mgawanyo ufuate mtihani wa vitendo wa ndani ya shule. Nilifurahi. Ila wiki ya mtihani mama yangu alifariki, nikaenda Mbeya kuzika. Niliporudi nikakuta mtihani umeshafanyika, kemikali zimetayarishwa na mwalimu wa kujitolea, na karatasi zimepangwa mezani kwangu zikisubiri kalamu nyekundu. Kazi ilikuwa rahisi: tindikali kwenye bureti, maji ya soda kali, ile ya punje ya kutengenezea sabuni, kwenye chupa pamoja na matone ya dawa ya rangi, unadondosha tindikali mpaka rangi igeuke kutoka manjano kwenda rangi ya chungwa, kisha unasoma tindikali iliyotumika. Mwongozo wa kusahihisha ulisema mililita ishirini na tano kamili.

Karatasi zote zilisema ishirini na tano kamili. Moja tu ilisema kumi na tisa nukta nne, kumi na tisa nukta tatu, kumi na tisa nukta nne.

Mwalimu mwenye akili angeshtukia zile ishirini na tano. Mikono ya watoto waliokuwa wakishika bureti kwa mara ya pili maishani haiwezi kupata jibu moja lisilo na hata tone la tofauti. Lakini nilikuwa nimechoka, macho yananiuma kwa kulia, na mwongozo ulikuwa mbele yangu. Nikaweka alama nyekundu ya mkasi, ile ya kosa, kwenye kumi na tisa nukta nne. Nikaandika pembeni, "Umezembea."

Kesho yake Leokadia alikuja mlangoni pa maabara na karatasi yake.

"Shikamoo, madam. Pole kwa msiba."

"Marahaba. Asante."

"Madam, naomba nirudie kupima."

"Mtihani umekwisha, Leokadia."

"Nilipima mara tatu. Nilipiga goti kama Mzee alivyotuonyesha."

"Wenzako wote wamepata ishirini na tano. Wewe peke yako ndiye uliyepiga goti?"

Alitazama chini, machozi yakamjaa, lakini hakuondoka. Mzee Kalisto alikuwa anasuuza chupa kwenye karai. Akasema bila kugeuka, "Madam, ile soda kopo lake lilikaa wazi. Punje zimekunywa unyevu, zimekuwa kama uji. Nilimwambia yule kijana wa kujitolea asizipime hivyo, akasema mimi ni mhudumu."

Nikaomba maji ya soda yaliyobaki. Yalikuwepo, nusu chupa. Nikapima mwenyewe, nikapiga goti. Kumi na tisa nukta nne. Nikarudia. Kumi na tisa nukta nne. Soda iliyojaa unyevu ilikuwa dhaifu kuliko ilivyodhaniwa, basi ilimalizwa na tindikali kidogo. Kila aliyesoma alichokiona angepata jibu la Leokadia.

Nikamuuliza, "Na wenzako ishirini na tano wameitoa wapi?"

Akanong'ona, "Tuliambiwa asubuhi kabla ya kuingia. Ili tusichanganyikiwe."

"Mbona wewe hukuiandika?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo lisilo na maana. "Haikuwepo kwenye bureti, madam."

Nilimwomba msamaha pale pale, mbele ya Mzee Kalisto. Halafu nikaenda kwa mtaaluma nikitembea haraka kuliko inavyompasa mtu mzima.

Orodha ilikuwa imeshabandikwa ubaoni. Leokadia alikuwa wa kwanza kwenye walioondolewa sayansi, kwa kuwa ndiye pekee aliyekosa vitendo; wengine, kwa kuwa alama zililingana, walipunguzwa kama kawaida, wasichana kwanza. Mwalimu Gervas alikuwa anakunywa chai. Nilimweleza kila kitu. Alinisikiliza vizuri tu, alikuwa mtu mpole. Wapole ndio wanaonichosha.

"Sasa unataka nini, madam?"

"Mtihani ufutwe, urudiwe kwa soda mpya."

"Yaani nifelishe darasa zima kwa ajili ya mtoto mmoja?"

"Darasa zima halijapima kitu, Mwalimu. Limenakili."

"Limepata jibu sahihi."

"Jibu la swali gani? Kwenye chupa ilikuwa kumi na tisa nukta nne!"

Akaweka kikombe chini. "Mwongozo unasema ishirini na tano. Mimi siwezi kubishana na mwongozo. Na huyo binti kwao ni Mwimbi, atamaliza kidato cha nne ataolewa. Tunagombana kwa ajili ya nini?"

Sitaandika nilichomjibu. Mkuu wa shule alikisikia kutoka ofisini kwake, na ofisi yake ilikuwa upande wa pili wa uwanja.

Jumamosi ile kulikuwa na kikao cha wazazi. Baba yake Leokadia alifika na baiskeli, suruali imejaa vumbi jekundu hadi magotini, kofia mkononi. Ulipofika wakati wa maswali alisimama.

"Waheshimiwa walimu, shikamooni. Mimi ni mkulima. Mtoto wangu ameandikiwa amezembea. Kama amezembea nitamwadhibu mwenyewe. Lakini anasema amepima. Naomba tu nionyeshwe namna inavyopimwa, ili nijue kosa lake liko wapi."

Mkuu akasema mambo ya kitaalamu hayaelezeki kwenye kikao. Wazazi wakaguna. Mimi nilikuwa nimeketi na walimu. Nikainuka, nikasema yanaelezeka. Nikamwita Mzee Kalisto. Ndani ya dakika chache meza ilikuwa mbele ya wazazi, bureti imefungwa kwenye stendi yake, karatasi nyeupe chini ya chupa yenye maji yale yale ya soda yaliyobaki, ili rangi ionekane. Mkuu aliniita kwa jina mara mbili. Sikugeuka.

Nilimwambia Leokadia apime yeye. Akapangusa mikono kwenye sketi, akafungua koki. Watu walisogea, wazee wakishika kofia zao zisipeperushwe na upepo. Tone, tone. Maji yalikuwa manjano. Alipokaribia akapunguza, akawa anatikisa chupa baada ya kila tone, na ghafla rangi ikageuka. Mama mmoja akasema, "Yesu na Maria!" Leokadia akafunga koki.

Nikamwambia baba yake, "Mzee, njoo usome."

"Mimi?"

"Namba unazijua?"

"Namba nazijua. Nauza mahindi."

"Basi piga goti, jicho liwe sawa na maji. Mistari inahesabiwa kuanzia juu."

Alipiga goti na suruali yake ile ya vumbi, akachukua muda mrefu. Kisha akasema kwa sauti ya kanisani, "Kumi na tisa. Na vistari vinne."

Mwenyekiti wa wazazi, fundi seremala, naye akaja akapiga goti. "Kumi na tisa na vinne," akasema. Akamgeukia mkuu. "Mwalimu, hii ishirini na tano iko wapi? Sisi hatuioni."

Mtihani ulirudiwa wiki iliyofuata kwa kopo jipya la soda. Majibu yalitofautiana kama inavyotakiwa, na wasichana sita waliokuwa wameondolewa waliingia sayansi, Leokadia akiwa mmojawao. Baba yake alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akapanda baiskeli.

Barua yangu ya uhamisho ilikuja kabla ya muhula kwisha. Ilisema ni kwa manufaa ya utumishi. Nilipelekwa Kabwe, ziwani, kwenye shule isiyokuwa na bureti hata moja, wala bomba la maji, ingawa Ziwa Tanganyika lilionekana dirishani. Mwalimu Gervas alibaki. Mzee Kalisto alibaki mpaka akastaafu, na waliomrithi wakaiweka ile mbinu yake ya uzi na spiriti kwenye kapu la mambo ya kizamani. Sasa bureti ikipasuka mdomo inatupwa, halafu tunalalamika hakuna vifaa.

Kabwe niliumwa malaria, nilizoea joto, na nilifundisha mawimbi kwa kutumia ziwa lenyewe. Watoto wa wavuvi walijua mambo ya kuelea na kuzama kuliko kitabu. Sikujuta. Ila nisiwadanganye, nililia safari nzima ya kuteremka kule, na dereva wa lori la fuso akadhani nimefiwa.

Leokadia alimaliza, akachaguliwa kidato cha tano, akafika chuo kikuu. Nilifikiri huko ataniletea habari njema. Akanipigia simu muhula wa kwanza.

"Madam, tuko kumi na wawili kwenye bureti moja. Mmoja anashika, sisi tunanakili."

"Na mwalimu wenu?"

"Msaidizi wake anatupa namba za mwaka jana. Anasema zinafanana."

Nilidhani ugonjwa ule ni wa shule zetu za huku bara, kumbe unapanda ngazi pamoja na wanafunzi, unavaa joho, unapewa shahada. Halafu mhitimu huyo anarudi kufundisha, hajawahi kushika bureti, anaogopa kuivunja, basi anaandika namba ubaoni kabla ya kuanza. Tunamlaumu. Aliyetakiwa kulaumiwa alikuwa anakunywa chai. Leokadia alikuwa anaenda maabara siku za mapumziko, akimbembeleza mlinzi wa pale amruhusu apime peke yake. Alichelewa kumaliza kwa mwaka mmoja, kwa sababu kuna ripoti alikataa kuiandika kwa namba za kupewa. Alimaliza.

Sasa ni mwalimu wa kemia katika mkoa mwingine. Wiki mbili baada ya ninyi kuniaga na pilau yenu, alinipigia asubuhi.

"Shikamoo, madam."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hivyo?"

"Mkuu wangu ameniita. Jumatatu tuna mtihani wa vitendo. Ameniletea karatasi ya majibu, niwasomee wanafunzi kabla hawajaingia. Ili wasichanganyikiwe."

Nilivuta kiti nikakaa. Nilimwambia yote ambayo mtu mzima anapaswa kumwambia mtu anayempenda: kwamba ana watoto wawili wadogo, kwamba watu wale hawasahau, kwamba watamhamisha mahali ambapo hata barua hazifiki, na kwamba akifikiria siku moja au mbili hakuna atakayemcheka. Nilizungumza muda mrefu. Nilishangaa jinsi nilivyokuwa nasikika kama Mwalimu Gervas. Yeye aliniacha nimalize.

"Madam, hilo nimeshajibu. Nilimrudishia karatasi yake jana."

"Sasa unaniuliza nini?"

"Nauliza hivi, wewe ulipoteremka Kabwe ilikuwa mvua. Vitabu ulivifungaje visilowe?"

Nikamwambia: mifuko miwili ya mbolea, mmoja ndani ya mwingine, mdomo ufungwe kwa mpira wa baiskeli. Na bureti yako usiiweke kwenye mzigo. Ishike mkononi.